Waya wa Sauti

Hebu nikuulize, na usinitazame kama hujui nnachosema: umeshawahi kuitwa na mtu, ukamsikia vizuri, ukajifanya hukumsikia?

Usinijibu. Kila mtu anafanya. Unaitwa kutoka juu nawe umejinyoosha chini, unanyamaza ukitaraji atakwenda mwengine. Aghlabu hakutokei kitu. Aliyekuita anachoka, anakusuta siku mbili tatu, kisha mnacheka. Katika nyumba moja ya Kiponda, mwaka 2006, hawakucheka.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Bi Nunu. Juu vyumba vitatu, chini sebule na uani, baina yao ngazi ya mbao inayolalamika kila ukikanyaga. Bi Nunu alikuwa amepigwa na kiharusi, upande wake wa kushoto hauna kazi, kwa hiyo akikaa juu kitandani na akitaka kitu huita. Pamoja naye walikaa mwanawe Mundhir, karani wa ofisi ya serikali, na mkewe Dalal, na mtoto wao wa miaka sita, Tabia. Wa tano alikuwa Afra, dadake Mundhir, aliyeachika Mbweni akarudi kwao kumwangalia mama. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe. Aliyekuwa akimwangalia mama hasa ni Dalal.

Bi Nunu alikuwa na sharti moja alilowalea nalo watoto wake wote. Ukiitwa na humwoni anayekuita, usiitike. Subiri. Majini nayo huita watu kwa majina yao, lakini huita mara moja, au mara mbili; hayafiki mara ya tatu. Ya tatu ni ya binadamu. Ikija ya tatu, sema "Naam" uende. Nyumba nzima ilikuwa ikiishi hivyo. Mgeni akipiga hodi moja tu, angesimama mlangoni mpaka ndevu zimuote.

Siku ya Jumamosi moja ya mwezi wa sita Dalal alialikwa kwenye hina ya jirani, Mkunazini. Afra alikuwa Mbweni kufuata vyombo vyake kwa mtalaka wake. Dalal akampigia simu mumewe: mama amelala, niende, nisiende? Mundhir akamwambia nenda, nnakuja mimi, saa kumi ntakuwa nyumbani. Dalal akamchukua Tabia akaenda. Aliporudi magharibi, miguu ya mtoto bado ina hina mbichi, alipanda juu akamkuta Bi Nunu sakafuni, ameanguka kifudifudi, mkono wa kulia umenyooshwa kuelekea kwenye meza ndogo yenye jagi la maji. Midomo imepasuka. Alikuwa ameshapoa.

Mundhir aliingia nyuma yake muda si muda, akapiga kelele zilizosikika mtaa mzima. Alikuwa amechelewa ofisini, alisema. Ndiyo kwanza anafika. Mbele ya watu wa msibani, bila ya kuombwa na mtu, akashika msahafu akaapa kwamba hakuikanyaga nyumba ile kabla ya adhana ya magharibi. Mtu anayeapa bila ya kuombwa, mimi humtazama mara mbili. Lakini msibani watu hawatazami, wanalia. Na walipomaliza kulia walikuwa wameshapata jina la kumwita Dalal. Yule aliyekwenda kupaka hina, mamamkwe akafa na kiu.

"Ningekuwa mimi," Afra alikuwa akisema, kila siku, akimtilia Dalal chai, "ningeona haya hata kumeza mate."

Mundhir yeye hakusema mengi. Alifuga ndevu, akawa hakosi safu ya mbele msikitini, na usiku mmoja akamwambia mkewe kwa sauti ya upole kabisa: "Talaka zako tatu ninazo mfukoni. Na mtoto anabaki kwa baba. Nnangoja arubaini ipite tu, watu wasiseme."

Dalal aliyapokea hayo. Ndiyo ubaya wenyewe. Alikuwa ameshaamini kwamba ni yeye.

*

Televisheni ilifunikwa kwa shuka siku ileile ya msiba, waya ukachomolewa ukutani, kama heshima inavyotaka. Ilipomalizika hitma ya arubaini Afra ndiye aliyeifunua. Alipoweka kiganja juu ya kioo alikiondoa upesi.

"Mbona ya moto?"

"Jua hilo," alisema Mundhir.

Jua halikuwa likiingia kwenye sebule ile tangu nyumba ijengwe. Lakini wakati huo Nasser alikuwa ameshafungua mkoba wake. Nasser ni binamu yake Mundhir, amekulia Maskati na amesomea kompyuta, jambo ambalo ungelijua kabla hujamaliza kumsalimia. Alikuja kwa ajili ya arubaini na alikuja na laptopu, na ndani ya laptopu picha za Bi Nunu, na kipande cha filamu alichopigwa harusini huko Maskati alipokuwa mzima, anacheka, anapepea kitambaa. Alitaka wote wamtazame kwenye kioo kikubwa.

"Dakika tano," alisema Nasser.

Baada ya dakika arubaini alikuwa bado amepiga magoti nyuma ya televisheni, jasho linamtiririka puani. Waya wake ulikuwa na kichwa cha duara upande wa laptopu na kichwa cha manjano upande wa televisheni. Kioo kikawa buluu tupu.

"Maskati ndivyo zinavyokuwa?" aliuliza Afra.

"Televisheni yenu ya kizee, Afra."

"Ilikuwa nzima mpaka ulipoigusa."

"Nipeni rimoti. Lazima tuihamishe, isitafute stesheni, itafute waya."

Mundhir akaitoa mfukoni mwa kanzu. Ilikuwa bado imo ndani ya nailoni yake ya dukani, nailoni imefifia kwa vidole. Nasser alinyoosha mkono, Mundhir hakumpa. Alibonyeza mwenyewe, akairudisha mfukoni. Wenyeji hawakushangaa. Rimoti ile haikushikwa na mkono mwengine tangu ilipotoka dukani, na Mundhir akitoka hutoka nayo. Dalal akitaka kutazama taarabu huinuka akabonyeza vitufe vya kwenye televisheni, kama mtu anayeibia.

Nasser akabonyeza vitufe viwili vya laptopu kwa pamoja. Kioo kikapepesa. Picha ikaja: mlima wa nyasi na mawingu, ileile iliyo nyuma ya kila kitu kwenye laptopu, lakini haina rangi. Nyeusi na nyeupe.

"Picha za Bi Nunu ziko wapi?" aliuliza Dalal.

"Kompyuta inaifanya televisheni chumba chake cha pili. Tazameni." Nasser akausukuma mshale mpaka ukingo wa kulia wa laptopu. Ukapotea. Ukatokea kwenye televisheni. "Umeona? Umevuka. Sasa naurudisha."

Haukurudi. Nasser alisogeza kidole kushoto, kulia, mshale umesimama. Kisha ukaondoka wenyewe, polepole, ukashuka kwenye nyasi mpaka chini kabisa ya kioo, ukatoka.

"Draiva zimegongana," alisema Nasser, kwa sauti ya mtu anayejua.

Nyasi zikaondoka, mawingu yakaondoka, na pakabaki picha nyengine, ya kijivu, ambayo ilichukua muda mtu kuielewa kwa sababu ilikuwa imepigwa kutoka chini. Mbao za sakafu zimekaribia mno. Miguu minne ya kitanda, mirefu kama nguzo. Upindo wa shuka unaning'inia. Na mbali, juu kabisa, pasipofikika, upande wa chini wa meza ndogo na nusu ya jagi.

Ilikuwa ni chumba cha Bi Nunu kama anavyokiona mtu aliyelala kifudifudi.

Televisheni haikutoa sauti. Afra alianza kusema "Nani aliyepiga picha hii," hakumaliza. Harufu ilikuwa imeteremka ngazini, harufu waliyoiosha kwa sabuni na kuifukiza kwa udi siku arubaini, ya dawa ya kuchua na mkojo na godoro la mgonjwa.

Na Tabia, aliyekuwa amekaa mkekani karibu na kioo kuliko wote, akainua kichwa kama mtoto aliyeitwa.

"Naam," alisema.

*

Majini ya hadithi za bibi zetu yalikuwa na adabu, yakingoja kiza. Hili lilikuja saa kumi alasiri, watu wanakunywa chai na wauza samaki wanapita nje wakinadi. Kila siku saa kumi kamili kioo kilikuwa kikiwaka chenyewe. Nasser alichomoa laptopu, kikawaka. Akachomoa waya ukutani, kikawaka. Picha ileile, mbao zilezile, na Tabia popote alipo akisema "Naam," kisha "Naam," kisha "Naam, Bibi," akipanda ngazi kwenda kwenye chumba kitupu, na ngazi ile inayolalamika haikulalamika chini ya miguu yake.

Kiu ilianza usiku wa kwanza. Alimaliza jagi zima, akaomba jengine. Siku ya pili alikunywa maji ya kutawadhia. Hospitali walimpima malaria, hana, wakampima sukari, hana, wakasema mrudisheni nyumbani anywe maji. Siku ya tatu midomo ilianza kupasuka, na tumbo lake dogo limejaa maji linacheza kama kiriba.

"Laana ya mama," alisema Afra. "Amemwacha mjukuu alipe."

"Mtoto huyu akifa," alisema Mundhir, hakumtazama mtoto, alimtazama mkewe, "usije ukanipa mkono wa rambirambi."

Dalal akamfuata Nasser uani.

"Shemegi, nijibu kama mtu, usinijibu kama fundi. Picha tunaiona. Kwa nini hatusikii kitu?"

"Waya ule hauchukui sauti, Dalal. Unachukua picha tu. Sauti ina waya wake."

"Mwanangu anaitika. Haitiki picha. Anaitwa. Nnataka nisikie anaitwa na nani, na anaambiwa nini."

Nasser alitazama mikono yake. Tangu siku ile ya kwanza alikuwa hakusema neno la kisomi hata moja, na kujizuia huko kulimtoa jasho. "Ukishasikia, Dalal, huwezi kurudi ukawa hukusikia."

"Kanunue."

Akaenda Darajani, akarudi na waya mwembamba, kichwa kimoja cha kuingiza pale panapoingia vidude vya masikio, vichwa viwili upande wa pili, chekundu na cheupe. Hata saa kumi ilikuwa bado. Alimwomba Mundhir ruhusa, Mundhir akakataa. Dalal akauchukua waya mikononi mwake akauchomeka mwenyewe, kichwa kimoja kwenye laptopu, chekundu kwenye chekundu, cheupe kwenye cheupe, na ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa ile kufanya jambo aliloambiwa asifanye.

Saa kumi ikafika. Kwanza walisikia mvua. Ndivyo alivyodhani Dalal, mvua kubwa juu ya mabati, lakini mvua ile ilikuwa ikipanda na kushuka, ikivuta pumzi, na ndani yake mna kama firimbi. Kisha juu ya mvua, au chini yake, mbali, sauti ya mtu mzima ambaye nusu ya mdomo haimtii.

"Nani yuko chini?"

Dalal alijishika kifua. Afra akapiga magoti palepale.

"Nani yuko chini? Nimeanguka. Nipeni maji."

Sauti ikaita mara ya tatu, na hapo, pembeni mwa kioo, juu ya mbao za kijivu, ikatokea rangi, rangi ya kwanza kuonekana katika kioo kile tangu kifunuliwe: mistari ya kijani, ile inayoonesha sauti, ikaongezeka mmoja, miwili, mitatu, na mvua ikawa kubwa.

"Mwanangu, nani yuko chini? Maji."

Mistari ikaongezeka. Mvua ikanguruma. Bi Nunu akaita tena kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, na mistari ikapanda mpaka ikajaza chini ya kioo, na ile mvua ikapasuka kuwa ukelele wa maelfu ya watu kwa pamoja, na mtu mmoja anapayuka kwa furaha, bao, bao, bao, na sauti ya mwanamke mzee ikazama humo kama jiwe. Kisha, karibu sana, si kutoka juu wala kutoka mbali bali ndani ya sebule, kana kwamba mdomo umewekwa nyuma ya kioo, kitu ambacho hakikuwa mwanamume wala mwanamke kikasema, kwa heshima zote:

"Naam."

Nasser akakisogelea kioo. Uso umemgeuka majivu. "Hiyo si mvua," alisema. "Huo ni mpira. Kombe la Dunia. Bao hilo nimelitazama Maskati kwa macho yangu. Siku ile... siku aliyofariki. Mechi ya saa kumi."

"Mimi nilikuwa kwenye hina," alisema Dalal taratibu. "Nani aliwasha televisheni?"

"Uliiacha inawaka wewe!" Afra alipiga kelele, lakini sauti yake haikuwa na mwili.

"Tuseme niliiacha inawaka. Na hiyo sauti, wifi, ilikuwa ikijiongeza?"

Mundhir alikuwa ameshainuka. Alizing'oa zile nyaya zote kwa mkono mmoja, akaikumbata televisheni kifuani, kitu ambacho walikibeba watu wawili kilipoletwa, akatoka nayo uani akaitumbukiza kisimani. Walisikia inagonga ukuta mmoja, na wa pili, na maji.

"Basi," alisema akihema. "Imekwisha. Shetani ameshapata makao."

Wakati huohuo juu, chumbani kwa Bi Nunu, kitu chepesi kilianguka sakafuni.

*

Bi Makungu, mganga wa majini, aliletwa asubuhi kutoka Bwejuu, kwa gari aliyoikodi Nasser. Mwanamke mfupi, mkavu, na alikuja mikono mitupu, hana kitabu wala chetezo. Alipanda juu. Tabia alikuwa amelala kifudifudi pale pale alipoangukia bibi yake, mkono wa kulia umenyooshwa, wa kushoto hauna kazi. Walimwinua mara tisa usiku ule wakamweka kitandani. Mara tisa walimkuta chini. Midomo ilikuwa na damu, ulimi umekuwa mweusi kama wa kasuku, na maji wakimpa yanatoka kama yalivyoingia.

Dalal alimsimulia yote. Bi Makungu alisikiliza, akauliza swali moja: "Huyo marehemu, aliwafundisha kungoja ya tatu?"

"Ndiyo."

"Alifundishwa nusu. Ya tatu ni ya mtu, kweli. Lakini aliyemfundisha hakumwambia ya tatu ikipita. Mtu akiita mara tatu ndani ya nyumba yake, na watu wamo, na hawakuitika, basi mwito ule uko wazi. Anauitikia yeyote aliyekuwa akisikiliza. Na kilichouitikia kimefika, kikakuta aliyeita ameshakufa." Alimtazama mtoto. "Sasa kimekaa na mwito hakina pa kuupeleka. Kilikuwa kimepata mdomo ndani ya televisheni yenu. Nyinyi mkautia kisimani. Kimetafuta mwengine."

"Kitoe," alisema Afra. "Tunakuomba, bi mkubwa. Kisomee."

"Nikisomee nini? Kiliitwa. Hakina kosa. Mwenye kosa ni aliyekuwemo." Akakaa juu ya kile kitanda. "Saa kumi kitaita kwa mdomo wa mtoto. Aitike yule aliyesikia siku ile. Na aseme alifanya nini, kwa mdomo wake, yote. Akiikata kweli nusu, atakatiwa mtoto."

Wakangoja. Mundhir alisimama mlangoni, hakuingia. Alisema lazima aende ofisini, hakwenda. Chini, saa ya ukutani ikapiga.

"Nani yuko chini?" alisema mtoto wa miaka sita, kwa sauti ya mwanamke wa miaka sabini, nusu ya mdomo wake imelala. "Nimeanguka. Nipeni maji."

Dalal alijitupa sakafuni mbele ya uso ule. "Naam, mama! Ni mimi, Dalal. Mimi niliondoka nikakuacha. Nisamehe, nichukue mimi!"

"Nani yuko chini?"

"Si wewe anayemuulizia," alisema Bi Makungu.

"Naam, mama," alilia Afra. "Mimi Afra. Nilikuwa nimekuchoka, mama, nilikwenda Mbweni makusudi, vyombo vilikuwa vinaweza kungoja..."

"Nani yuko chini?" Na mdomo wa Tabia ukachanika pembeni, damu ikashuka hadi kwenye mbao.

Hapo wakasikia kitu kidogo sana, ambacho katika nyumba ile kilijulikana na kila mtu kuliko adhana: nailoni inafinywafinywa. Dalal akageuka. Mumewe alikuwa ametia mkono mfukoni mwa kanzu.

"Baba Tabia," alisema. "Siku ile rimoti ilikuwa wapi?"

"Wewe mwanamke, usinianze..."

"Nimekuuliza. Huiachi. Hukuiacha siku ya harusi yetu. Vitufe vya kwenye televisheni havina haraka ile, mimi ndiye nivijuaye. Ile mistari ilipandishwa na mtu aliyelala kochini. Toa mkono mfukoni."

Hakuutoa. Aliangalia ukuta, akasema kwa ule upole wake wa usiku: "Nilipita mara moja. Nilifika, nikamkuta ameshafariki. Niliogopa. Ndiyo nikatoka nikarudi tena baadaye."

Mtoto alipiga ukelele ambao haukuwa wake wala wa bibi yake. Vidole vya mkono wake ulionyooshwa vikaanza kukauka wakitazama, ngozi ikishikana na mfupa kuanzia kucha, kama jani linalokaribia moto.

"Umekata," alisema Bi Makungu. Hakuinua hata sauti.

"Nilikuwa nimelala! Wallahi nilikuwa nimelala, sikusikia..."

Vidole, kisha kiganja, kisha kifundo. Dalal hakulia tena. Aliinuka, akamwendea mumewe, akamshika ndevu zile mpya kwa mikono miwili akamvuta mpaka magotini, uso kwa uso na mtoto, karibu hata pumzi kavu ya Tabia ikawa inampiga machoni, ile harufu ya dawa ya kuchua na mkojo na godoro, na ndani ya macho ya mwanawe, badala ya mboni, Mundhir akaona miguu minne ya kitanda, mirefu kama nguzo, na nusu ya jagi.

"Nani yuko chini?"

Nailoni ikalia mara moja mfukoni, ikanyamaza.

"Naam," alisema Mundhir. "Naam, mama. Ni mimi. Nilikuwa chini tangu saa tisa na nusu. Ya kwanza nilikusikia, nikasema nangoja ya tatu, wewe ndiye uliyenifundisha. Ya pili nikakusikia. Ya tatu nilikusikia, mama, nilijua ni wewe, nilijua umeanguka, nilisikia kishindo. Mpira ulikuwa ndiyo kwanza umeanza. Nikaongeza sauti. Ukaita tena, nikaongeza tena. Nilihesabu, mama. Uliita mara kumi na moja."